Kipimo cha Mafuta

Nilikuwa mdogo nilipomsindikiza bibi yangu Kariakoo kuuza mbata. Jengo la soko alilolibuni Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, lilikuwa bado jipya. Mnunuzi alichukua kipande, akakivunja, akakibonyeza kwa kidole, akasema, "Bibi, hii haina mafuta." Bei ikashuka papo hapo. Bibi hakubisha. Angebisha kwa kipimo gani?

Sisi watu wa pwani tuna vipimo tangu zamani. Vibaba vinne hufanya pishi moja. Baadaye likaja debe, kisha mizani. Lakini kibaba na debe hupima ujazo, na mizani hupima uzito. Mafuta yaliyojificha ndani ya mbegu hayaonekani kwa chochote kati ya hivyo.

Kipimo chake kimo maabara. Mwaka 1879 Franz von Soxhlet, mkemia wa Ujerumani, alieleza chombo alichokitengeneza kupimia mafuta ya maziwa, na hadi leo hutumika kwa mbegu. Mbegu hukaushwa, husagwa, hupimwa uzito. Kisha kimiminika chepesi kinachoyeyusha mafuta huchemshwa. Mvuke wake hupanda, hupoa na kudondokea unga ule, tena na tena kwa saa kadhaa. Kimiminika kikiondolewa, mafuta hubaki, nayo hupimwa. Mbata nzuri hutoa zaidi ya kilo 60 katika kila kilo 100. Karanga hutoa karibu nusu ya uzito wake.

Wanunuzi wakubwa walilijua hilo. Waingereza walipoanza mradi wa karanga Kongwa mwaka 1947, mradi uliowateketezea pauni zipatazo milioni 36 kabla ya kuuacha mwaka 1951, walichokitafuta ni mafuta. Mkulima yeye aliuza gunia.

Leo nikifikiri, huenda yule mnunuzi alisema kweli. Karibu nusu ya nyama ya nazi mbichi ni maji, na mbata isiyokauka vizuri huuzwa pamoja na maji yake. Bibi naye hakuwa mjinga: nyumbani alijua ni nazi ngapi, tui lake likichemshwa, hujaza chupa moja. Ila hesabu yake haikuvuka mlango wa soko. Kinachoniuma si ile bei. Kidole cha mnunuzi ndicho kilichokuwa mizani siku ile, nasi tukarudi nyumbani bila kujua kama tumepunjwa au tumeambiwa kweli.