Neno Gumu kwa Maneno Mepesi

Kila shule ya sekondari niliyofundisha ilikuwa na mwanafunzi wake aliyesifika kwa kutema ung'eng'e. Siku ya mdahalo alisimama mbele na kaunta buku lililojaa maneno aliyoyanakili kwenye kamusi, akayamwaga mfululizo, na ukumbi ukalipuka kwa makofi hata kama wengi hawakuambulia alichosema. Nimefundisha Kiingereza Tanga, kisha Morogoro, hadi nikastaafu, na makofi yale yalinitia hamu ya kujua mila hii ya kukusanya maneno magumu ilianzia wapi. Nilichokuta ni historia ya walimu wa shule. Kamusi tunayompa mwanafunzi leo ilitungwa na walimu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika Dhaka na Tokyo, mbele ya vijana ambao Kiingereza hakikuwa lugha ya mama zao.

Mwanzo wenyewe uko Uingereza. Katika karne ya 16 vitabu vya dini, tiba na sheria vilikuwa vinahamishwa kutoka Kilatini kuingia Kiingereza, na mfasiri aliyekosa neno alilichukua la Kilatini, akalikata mkia na kuendelea na safari. Maneno yaliingia kwa maelfu. Wapo waliochukizwa na wingi huo, wakasema maneno hayo yametoka kwenye kidau cha wino wala si vinywani mwa watu. Shakespeare naye aliwachora wapenzi wa maneno hayo katika Love's Labour's Lost, tamthilia iliyochapwa mwaka 1598: mmoja wa wahusika wake ni Holofernes, mwalimu wa shule asiyeweza kusema jambo dogo bila kulirundikia Kilatini.

Miaka sita baadaye, mwaka 1604, mwalimu wa kweli alichapisha kitabu kidogo London. Robert Cawdrey alikuwa pia mchungaji, ila alivuliwa uchungaji kwa kukataa kufuata taratibu za Kanisa la Uingereza. Kitabu chake, A Table Alphabeticall, kina maneno yapatayo 2,500, yote magumu, na ndicho kinachohesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Kwenye ukurasa wa kwanza aliwataja aliowakusudia: mabibi, wanawake wa familia bora na wengine wasio na ujuzi. Wanawake hao hawakupelekwa shule za Kilatini kama kaka zao, lakini kila Jumapili walihubiriwa kwa maneno yaliyotoka huko. Cawdrey aliweka neno, kisha maneno mawili matatu mepesi ya kulieleza, basi. Hata mpangilio wa alfabeti ilibidi awafundishe wasomaji wake: neno linaloanza na a litafute mwanzoni mwa kitabu, linaloanza na v karibu na mwisho. Nakala moja tu ya toleo lile la kwanza ndiyo inayojulikana kubaki, nayo imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford.

Namheshimu Cawdrey kwa sababu alianza na msomaji. Aliona watu wamekalishwa mbele ya lugha yao wenyewe kama wageni, akawahurumia. Waliomfuata hawakuwa wote na moyo huo. Mwaka 1623 Henry Cockeram alitoa kamusi yenye sehemu ya pili iliyogeuzwa: unatafuta neno la kawaida, kitabu kinakupa neno zito la kuliweka mahali pake, ili uonekane msomi. Mwanafunzi wa mdahalo aliyefuta neno moja rahisi kwenye hotuba yake na kupachika lingine la silabi tano anaendeleza kazi ya Cockeram, ingawa jina lake hajawahi kulisikia.

Kisha akaja Samuel Johnson, na kamusi yake ya mwaka 1755 iliwafunika wote: maneno zaidi ya 42,000, na mifano zaidi ya laki moja iliyotolewa katika maandishi ya Waingereza. Johnson aliwaandikia watu waliokwisha kuimudu lugha. Ndiyo maana alipofika kwenye neno network alilieleza kwa maneno ya asili ya Kilatini ambayo kila moja ni zito kuliko wavu wenyewe. Mvuvi wa Pangani aliyeshika wavu mkononi angesoma maelezo yale asijue kwamba ni chombo chake kinachozungumzwa. Kwa zaidi ya karne moja na nusu kamusi kubwa zilifuata njia hiyo, na mtoto wa shule wa Bengal, wa Japani au wa Unguja aliyetaka kujifunza Kiingereza alikuta mlango umefungwa na ufunguo uko ndani.

Aliyeufungua kwanza alikuwa Michael West. Alifanya kazi katika idara ya elimu ya India, na huko Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh ya leo, aliongoza chuo cha ualimu. Aliona jambo ambalo kila mwalimu wa Afrika Mashariki analijua: watoto wengi wanaacha shule kabla ya kumaliza, na walichojifunza kufikia hapo hakiwafai kitu. Katika kitabu chake cha mwaka 1926 kuhusu uwililugha Bengal, West aliazima hoja kutoka biashara ya bima. Mtu akikatisha bima yake kabla ya muda kutimia, kuna thamani fulani anayorudishiwa. Masomo ya lugha nayo, alisema, yapangwe ili mtoto atakayeondoka baada ya mwaka mmoja au miwili aondoke na kitu anachoweza kukitumia.

Kutoka hapo akaanza kuvipanga upya vitabu vya kusoma. Aliondoa maneno ya kifasihi yaliyopitwa na wakati, akaweka yale yanayotumika kila siku, na akayatawanya maneno mapya ili mtoto asikutane na mengi kwa mpigo. Neno jipya likishaingia, lilirudiwa tena na tena. Mwaka 1935, akishirikiana na James Endicott, mmishonari kutoka Kanada aliyefanya kazi China, akatoa New Method English Dictionary. Kamusi hiyo inaeleza maneno na nahau zipatazo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Fikiria nidhamu ya kazi hiyo. Kila mara mwandishi anaponyoosha mkono kuchukua neno zuri lililo nje ya yale 1,490, anajizuia, anatafuta njia nyingine.

Nimeijaribu kanuni hiyo darasani na naitolea ushahidi. Chukua neno reluctant. Mwanafunzi akifungua kamusi ya Waingereza wenyewe anaweza kupelekwa kwa unwilling, kutoka hapo kwa disinclined, kutoka hapo akarudishwa kwa reluctant alikoanzia. Kipindi kimekwisha naye hajapata kitu. Kwa njia ya West unamwambia kwa Kiingereza chepesi kwamba huyu ni mtu anayefanya jambo polepole kwa sababu moyo wake haulitaki. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alinijibu papo hapo, "Kama mtoto akiitwa kuoga, madam." Darasa zima lilicheka, na wiki iliyofuata nililikuta neno lile kwenye insha zao, limekaa mahali pake.

Kuelewa neno, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ilifanyika Japani. Harold Palmer alifika huko mwaka 1922 kuishauri wizara ya elimu kuhusu ufundishaji wa Kiingereza, na mwaka uliofuata akaanzisha taasisi ya utafiti Tokyo. Albert Sydney Hornby alikwenda mwaka 1924 kufundisha Oita, kwenye kisiwa cha Kyushu, na baadaye Palmer akamvuta Tokyo. Kazi ya Hornby ilikuwa kumsaidia mwanafunzi anayetaka kuandika na kusema, maana anayesoma tu anaweza kuridhika na kukisia maana, ila anayeandika lazima ajue neno linashikana vipi na mengine.

Hapa ndipo ninapomwona Hornby kuwa mwalimu wa wanafunzi wangu. Kijana wa Kitanzania anaandika furnitures na advices kwa sababu inayoeleweka kabisa: viti na meza anavihesabu kwa macho yake, na ushauri alipewa na baba mara tatu. Hakuna kinachomwonya kwamba Waingereza hawavihesabu. Katika kamusi aliyoitunga na wenzake, Hornby aliweka alama ndogo kwenye nomino, C kwa zinazohesabika na U kwa zisizohesabika, na kwa herufi mbili hizo akaokoa mistari mingi ya wino mwekundu. Kijana huyo huyo anaandika explain me, kwa kuwa nyumbani anasema "nieleze" na mtu anakaa ndani ya kitenzi bila kuhitaji kihusishi. Kwa makosa ya namna hiyo Hornby alipanga ruwaza 25 za vitenzi, akaonyesha kila kitenzi kinafuatwa na nini. Kamusi za wenyewe hazikuwa na sababu ya kueleza hayo, kwani Mwingereza hayafunzwi, amezaliwa nayo. Ni mwanafunzi wa kigeni, kwa makosa yake, aliyewafanya walimu wayaone.

Hornby na wenzake wawili, E. V. Gatenby na H. Wakefield, walimaliza kamusi yao wakati mbaya. Desemba 1941 Japani iliingia vitani dhidi ya Uingereza na Marekani. Hornby akawekwa kizuizini, na mwaka 1942 akarudishwa kwao. Mwaka huo huo mchapishaji wa Tokyo, Kaitakusha, aliitoa kamusi hiyo, kitabu cha kufundishia lugha ya adui, katikati ya vita. Mwaka 1948 Oxford University Press waliichapa upya, na mwaka 1952 jina likapata neno Advanced, yaani ni ya mwanafunzi aliyekwisha kupiga hatua. Ndiyo kamusi ambayo matoleo yake ya baadaye yamekaa kwenye maktaba za shule zetu, yamepasuka mgongo na kubandikwa gundi, kurasa za herufi s zimechafuka kuliko zote.

Afrika Mashariki tulikuwa na kamusi zetu kabla ya hapo. Arthur Madan wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alichapisha kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, baada ya kazi yake Unguja. Mwaka 1939 ilitoka kamusi sanifu iliyosimamiwa na Frederick Johnson wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyojengwa juu ya ile ya Madan. Ni kazi kubwa na bado naifungua. Lakini ukiitazama kwa jicho la mwanafunzi, inakupa Kiswahili cha neno la Kiingereza, tena Kiswahili kingi, bila kukuonyesha Mwingereza analitumiaje. Ilimfaa zaidi mgeni anayejifunza Kiswahili. Mtoto wa hapa anayejifunza Kiingereza alisubiri muda mrefu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi yake ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1996.

Katikati ya hapo Tanzania ilikuwa imeamua, mwaka 1967, Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali, uamuzi ninaoutetea hadi leo. Sekondari ilibaki kwa Kiingereza. Mwaka 1984 ripoti ya Clive Criper na William Dodd ilisema wazi kile walimu tulichokiona kila siku: wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo mengine. Mradi uliofuata, kwa msaada wa Uingereza, ulileta mashuleni vitabu vyembamba vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi za msamiati. Wazo la Dhaka lilikuwa limefika kwetu. Niliwaona wavulana ambao hawakuwahi kumaliza kitabu wakigombania zamu ya kuazima.

Kutokana na historia hii nina imani moja, nayo naisema kwa walimu wenzangu. Mwaka 1953 West alichapisha orodha ya maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza, na maneno hayo peke yake ni takribani manane kati ya kila kumi utakayokutana nayo katika maandishi ya kawaida. Mwanafunzi anayerukia maneno magumu kabla ya hayo anajenga ghorofa kabla ya msingi. Akiyapata, maneno magumu yanakuja yenyewe, kwa sababu sasa kuna maneno ya kuyaelezea. Orodha ya maneno ishirini ya kukariri kila Jumatatu, bila sentensi wala hadithi, ni mazoea mabaya na tuyaache.

Na kazi hii ina deni kwa Kiswahili chenyewe. Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Uganda inakiingiza mashuleni. Maelfu ya watoto wanakisoma sasa kama lugha ya ugenini, kama yule Mbengali alivyokisoma Kiingereza. Wanahitaji kamusi inayoeleza Kiswahili kwa maneno machache yaliyochaguliwa kwa makini, yenye ngeli, vitenzi na viambishi vyake vilivyofafanuliwa kutokana na makosa yao halisi. Mahali pa kuanzia panajulikana: mwalimu wa Kigali au Mbarara akusanye insha za darasa lake, aorodheshe kila kosa na kila neno lililomkwamisha mtoto, na orodha hizo zikutanishwe. West na Hornby walianza na malighafi hiyo hiyo, na walimu wa Kiswahili wanayo mezani tayari.