Majina ya Wazee Wetu, Kitabuni na Vinywani

Mtu atakaye kuijua asili ya jamaa yake hana budi kurudi nyuma hatua kwa hatua: baba, kisha babu, kisha baba wa babu, asiruke hata mmoja. Ndivyo wafanyavyo Waingereza wawatafutao wazee wao wa karne ya 18.

Tangu mwaka 1538 parokia za Uingereza ziliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Tena jamaa nyingi ziliandika siku za kuzaliwa watoto ndani ya Biblia ya nyumbani. Hata hivyo maandiko hayo yataka uangalifu. Kabla ya mwaka 1752 mwaka wao wa sheria ulianza tarehe 25 Machi. Basi mtoto aliyeandikwa Februari 1731, kwa hesabu yetu ni Februari 1732. Asiyejua hayo, akiona wazazi walioana Juni 1731, atadhani mtoto alitangulia ndoa.

Huku kwetu Mara vitabu vya ubatizo ni vya karne ya 20. Nyuma ya hapo twategemea vinywa vya wazee, navyo vina kipimo chake. Wakuria wana safu mbili za vizazi, Saai na Chuma. Hata Wangoreme wa Kenyamonta wanazo. Kwa Wakuria, mwana wa Saai huwa Nyambureti, wa Nyambureti huwa Gamunyere, wa Gamunyere huwa Maina, na wa Maina hurudi kuwa Saai. Basi ikitajwa kwamba Saai alimzaa Gamunyere, twajua jina moja limesahauliwa kati yao. Lakini wakisahauliwa wanne mfululizo, pengo halionekani.

Tena mwishoni mwa karne ya 19 sotoka, ndui na njaa vilitawanya watu. Wengine walipokewa katika koo za wenyeji, wakahesabiwa wana. Kwa hiyo yafaa kuuliza kwa adabu kama mzee fulani alizaliwa ukooni au alipokewa. Wala hapana aibu, maana aliyepokewa ni mwana vilevile.

Walimu, waagizeni watoto waandike daftarini jina la kila mzee, kizazi chake, ukoo, mama yake na mahali alipokaa, pamoja na jina la msimulizi. Kisha walinganishe na majina ya wazazi yaliyomo katika kitabu cha ubatizo. Kitabu cha parokia chaweza kungoja kabatini mwaka mwingine. Mzee wa miaka tisini hawezi kungoja.