Sarafu za Kasino (Dragon Quest IV)

Sarafu za kasino ni fedha ya kubuni itumikayo katika jumba la kamari la mji wa Endor ndani ya Dragon Quest IV, mchezo wa video wa kuigiza wahusika uliobuniwa na Yuji Horii na kutolewa nchini Japani na kampuni ya Enix mwaka 1990, kwa ajili ya mashine ya Famicom. Mchezaji huzinunua kwa dhahabu, ambayo aghalabu huipata kwa kuwaua mazimwi, akazitia dau katika poka, mashine za bahati nasibu au mapigano ya mazimwi. Na azishindazo hubadilishwa kwa silaha na zana adimu, wala hazirudi kuwa dhahabu.

Umaarufu wake, hata hivyo, watokana na hitilafu ya hesabu. Katika sura ya 5 ya toleo la awali sarafu moja huuzwa kwa dhahabu 20, na kwa kuwa programu, kila jumla ya bei ifikapo 16,777,216, huanza tena kuhesabu toka sifuri, mwenye kuagiza sarafu 838,861, ambazo thamani yake halisi ni dhahabu 16,777,220, hutozwa dhahabu 4 tu.