Nyumba za Buha: Msonge, Tofali na Baridi ya Usiku

Msafiri apandaye kutoka Kigoma, penye joto la ziwa, kwenda Kasulu, na kutoka Kasulu kwenda Kibondo, huona upesi ya kuwa nguo iliyomfaa mchana haimfai jioni. Nchi ya Buha imeinuka mita 1,200 hata 1,700 hivi juu ya bahari, na katika miezi ya Juni na Julai, mbingu zikiwa wazi na upepo ukivuma kutoka kusini-mashariki, usiku ni wa baridi kweli kweli. Waha huiita imbeho. Twataka kueleza hapa jinsi wazee walivyoizuia, na kwa sababu gani mtu alalaye leo katika nyumba njema ya matofali huamka akitetemeka, hali babu yake alilala salama katika nyasi.

Nyumba ya zamani, inzu, ilikuwa ya msonge, mfano wa mzinga wa nyuki, kama zile za Burundi na Rwanda. Fito ndefu zilichomekwa ardhini kwa duara, zikainamishwa na kufungwa pamoja juu, zikazungushiwa pete za fito nyembamba, kisha zikaezekwa nyasi, tabaka juu ya tabaka, hata nyasi zikagusa chini. Wala hapakuwa na ukuta mbali na paa mbali. Kitu kimoja kilifanya kazi zote mbili. Mlango ulikuwa mfupi, dirisha halikuwapo, na moto ulikaa ndani. Nyasi kavu hushika hewa katika mirija yake na kati ya bua na bua, nayo hewa isiyotembea ni kizuizi kikubwa cha joto. Ukilinganisha unene kwa unene, nyasi zilizoezekwa vema huzuia joto karibu mara 8 hata 10 kuliko tofali la kuchoma. Kwa hiyo moto ule ule wa kupikia chakula cha jioni ulitosha, na pumzi za watu, na za mbuzi waliolazwa humo, zikaongeza kidogo.

Hatusemi haya ili kuisifu kupita kiasi. Moshi uliwaumiza wanawake macho na vifua, cheche moja iliweza kuteketeza mji, na papasi walijificha katika sakafu ya udongo wakaleta homa. Watu walikuwa na sababu za haki kuiacha.

Wamisionari wa London walifika Ujiji mwaka 1878, na Mababa Weupe mwaka 1879, lakini katika milima ya Buha nyumba za matofali zilienea baadaye sana, pamoja na misheni, mashule na maboma ya serikali: ya Wajerumani, kisha ya Wabelgiji walioshika Kigoma mwaka 1916, kisha ya Waingereza tangu mwaka 1921. Tena watu walihamishwa mara kwa mara. Katika miaka ya 1930 wengi walikusanywa kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Na mwaka 1972, katika Operesheni Kigoma, watu waliokaa wametawanyika vilimani waliletwa kukaa kwa safu katika vijiji. Nyumba iliyojengwa kwa haraka kando ya njia ilikuwa ya pembe nne. Msonge hudai nyasi nyingi, fito nyingi na mikono iliyozoea, navyo havikupatikana vyote mahali papya. Hivyo ukaja ukuta wa udongo, halafu tofali bichi, halafu tofali la kuchoma, na juu yake bati.

Lakini nyumba hiyo haikufika nzima. Huko Ulaya ilikotoka, nyumba ya kuta nene za matofali ilikuwa na vioo madirishani, dohani ya kutolea moshi, na dari ya mbao chini ya paa. Kwetu zilifika kuta, likafika bati, na dari ikabaki njiani. Neno lenyewe lilifika mbele ya kitu! Kwa watu wa pwani dari ni kitu kizito: boriti zilizopangwa, na juu yake mawe na chokaa, hata watu wakatembea juu yake. Huku bara watoto wa shule walijifunza neno hilo wakiwa wameketi chini ya bati tupu.

Basi kosa si la ukuta hasa. Ukuta mnene hunywa joto la jua mchana na kulirudisha polepole usiku, nayo ni faida. Ila joto hilo hupanda, hupita katika mwanya ulioachwa kati ya ukuta na paa, na bati nalo hulitupa mbinguni. Kabla ya mapambazuko bati huwa baridi kuliko hewa yenyewe, hata pumzi za waliolala huganda juu yake kuwa maji na kuwadondokea. Watu huita jasho la bati. Tena ukuta ulionywa maji kutoka ardhini hupitisha joto zaidi kuliko ukuta mkavu. Wengine hupaka saruji juu ya tofali bichi ili kuukausha; saruji hupasuka, maji huingia katika ufa, yasipate njia ya kutoka. Lipu ya udongo, upenu mrefu na mfereji wa kuondoa maji ya mvua ni dawa bora, tena rahisi.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ya kuni. Nyumba isiyoshika joto hudai moto mkubwa, na matofali yenyewe yalikwisha kula miti katika tanuru kabla mtu hajahamia. Tangu miaka ya 1990 walipoingia wakimbizi wengi wa Burundi na Kongo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, kuni zimegombewa na wenyeji na wageni, na anayekwenda mbali kuzitafuta ni mwanamke au binti.

Mwenye nyumba kama hiyo aanzie juu. Matete au mianzi iliyosukwa, ikifungwa chini ya kenchi na kutandazwa nyasi kavu juu yake, hurudisha sehemu ya msonge ndani ya nyumba ya tofali. Ila isifike karibu na moto, na panya waangaliwe. Kisha mlango na madirisha ya upande wa upepo yatengenezwe yafunge sawasawa. Mwanya wa juu usizibwe kabla jiko halijahamishiwa nje au kujengewa dohani, na hata hapo pabaki tundu la hewa katika kila chumba. Wala jiko la mkaa lisiingizwe kamwe chumbani mwa kulala, hata likionekana limekufa, kwa maana hewa yake ya sumu haina harufu, na aliyelala haamki.