Mtetemo wa Vizingia

Wahandisi wa baharini waliichukia hali hii kwa miaka mingi kabla mtu hajafikiria kuipatia kazi. Mkondo wa maji ukikutana na bomba la mviringo, haupiti kimyakimya. Nyuma ya bomba maji hujikunja yakafanya kizingia upande mmoja, kikang'oka na kuchukuliwa na mkondo, kisha kingine upande wa pili, kwa zamu. Kila kimoja hulivuta bomba upande wake. Vuta huku, vuta kule, bomba linatetemeka. Mabomba marefu ya visima vya mafuta baharini hutetemeka hivyo hadi chuma kikachoka na kupasuka, ndiyo maana huzungushiwa mapezi ya kuvivuruga vizingia kabla havijajipanga.

Kiingereza kimeipa hali hiyo maneno matatu, na tafsiri ya neno kwa neno ni "mtetemo unaosababishwa na vizingia". Ni sahihi, ila ni ndefu mno kurudiwa mara kumi katika ukurasa mmoja. Mimi naandika "mtetemo wa vizingia". Atatokea wa kuuliza: je, ni vizingia vinavyotetemeka? Hapana, lakini "wa" ya Kiswahili imezoea mzigo huo; tukisema homa ya malaria, kila mtu anajua nani ameleta homa na nani anaumwa. "Kimbunga" na "chamchela" nimeviacha kwa kuwa ni vya upepo. "Mtikisiko" nao hauna mapigo ya kuhesabika, na hapa mapigo ndiyo habari yenyewe.

Aliyeyahesabu ni Vincenc Strouhal, Mcheki aliyechunguza mwaka 1878 kwa nini waya huimba upepo ukiupitia. Kanuni yake ni rahisi: chukua mwendo wa mkondo, gawa kwa kipenyo cha bomba, zidisha kwa takriban 0.2. Bomba la sentimita 10 katika maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde litapata mitetemo 2 kila sekunde.

Sasa lifunge bomba hilo kwenye springi, lilale kukingama mkondo. Mapigo ya springi yakikaribiana na mapigo ya vizingia, vizingia huanza kulifuata bomba, na bomba hupanda na kushuka kwa nguvu. Hali hiyo naiita "kuoana kwa mapigo". Kwenye hewa ndoa hiyo huvunjika upepo ukibadilika kidogo tu. Majini hudumu hata mkondo ukipungua au kuongezeka sana, kwa sababu maji yanayosukumwa na bomba yana uzito unaolingana na wa bomba lenyewe.

Hapo ndipo alipoingia Michael Bernitsas, profesa wa uhandisi wa vyombo vya baharini katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Alikuwa ametumia miaka mingi kuukomesha mtetemo huo, kisha akageuka: akataka uzidi. Mwaka 2008 yeye na wenzake walitangaza mtambo wa VIVACE, silinda zilizofungwa kwenye springi ambazo kupanda na kushuka kwake huendesha jenereta. Hauna mapanga, wala hauhitaji bwawa. Sifa yake kubwa ni kufanya kazi katika mikondo ya chini ya mita 1 kwa sekunde, ambako turbaini za kawaida hazifai kitu.

Lakini maji ya polepole yana kidogo cha kutoa. Mkondo wa mita 1 kwa sekunde hubeba wati 500 tu katika kila mita ya mraba, na hakuna mtambo unaozikamata zote. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu huwa mara nane. Kwa hiyo silinda lazima ziwe nyingi, na gharama ya kuzitunza chini ya maji, penye kutu na konokono, ndiyo itakayoamua.

Limebaki jina la umeme wenyewe. "Umeme wa maji" umeshachukuliwa: Mtanzania akiusikia huwaza Kidatu, au Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 kwenye mto Rufiji. "Umeme wa mkondo" unafaa kwa turbaini zote zinazozungushwa na maji yasiyozuiwa kwa bwawa. Huu wa silinda naushauri uitwe "umeme wa mtetemo", na mwandishi aongeze "wa vizingia" mara ya kwanza tu, kwa sababu ipo mitambo mingine inayovuna mitetemo ya mashine na ya barabara, isiyogusa maji kabisa.