Hita ya maji katika nyumba iliyofungwa: namna ya kuitunza hadi wenyewe warudi

JULAI ikiingia Kiriaini, jua huonekana kwa nadra. Mvua ya njahi ikishakatika, ukungu hushuka kutoka msitu wa Aberdare, ukatanda juu ya mashamba ya chai na kahawa ya Mathioya, na siku nyingine hauondoki hata adhuhuri. Baridi hiyo hudumu hadi Agosti. Ndiyo miezi ambayo hita ya maji huhitajika kuliko wakati mwingine wowote, na ndiyo miezi ambayo nyingi hupatikana zimeharibika.

Mji huu wa Kaunti ya Murang'a, ulio kwenye barabara itokayo mjini Murang'a kuelekea Othaya na Nyeri, umezungukwa na nyumba za mawe ambazo wenyewe hawalali humo kila siku. Wengi wao wamo kazini Nairobi, Thika au ng'ambo. Nyumba hufunguliwa shule zinapofungwa Aprili, Agosti na Desemba, au jamaa anapoaga dunia. Kati ya safari hizo, mzazi mzee huendelea kuishi katika nyumba yake ya zamani upande wa pili wa boma, na ile ya mawe, pamoja na hita yake, hukaa kimya.

Watu hudhani kwamba hita huchakazwa na matumizi. Aghalabu huchakazwa na kulala. Maji yanayopita kila siku huondoa tope na hewa na kuwazuia wadudu wasijenge makao. Maji yaliyosimama hula chuma, hukuza vijidudu na kuacha mashapo. Ndiyo maana hita ya nyumba iliyofungwa yahitaji uangalizi zaidi kuliko ile inayotumiwa na aila ya watu saba.

Katika nchi za baridi kali jambo hili lilieleweka zamani. Wamarekani wenye nyumba ndogo za kukokotwa na gari, ambazo hutumiwa kwa safari za majira ya joto, huondoa maji yote katika hita kabla ya theluji kuanguka, kwa sababu maji yanapoganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9 na kupasua tangi au bomba. Kiriaini hakuna haja ya kuhofia hilo. Wanaopaswa kuhofia ni wakazi wa nyanda za juu zaidi, kama vile Kinangop na Ol Kalou, ambako usiku usio na mawingu huleta sakitu, yaani umande ulioganda. Paneli bapa ya kuchemshia maji kwa jua huweza kuganda hata hewa ikiwa na nyuzi mbili au tatu juu ya sufuri, kwa kuwa hupoteza joto lake moja kwa moja kuelekea anga tupu. Kinachoharibu hita za Kiriaini ni vitu vingine: tope, kani ya maji, kutu, nyigu na panya.

Kani hiyo hutokana na umbo la nchi. Miradi mingi ya maji ya sehemu hizi huteka mito juu, karibu na msitu, na kuyaacha maji yateremke yenyewe. Kila mita 10 za mteremko huongeza kani ya takriban bari moja. Nyumba iliyo mita 100 chini ya chanzo huweza kupokea bari 10 iwapo hakuna tangi la kati la kuipunguza, ilhali hita nyingi za nyumbani hazikuundwa kustahimili kiasi hicho. Usiku, mifereji ya majirani ikiwa imefungwa, kani hupanda zaidi. Mwenye nyumba atakayekuwa mbali kwa miezi mitatu na afunge vali ya maji yanayoingia nyumbani, au atie vali ya kupunguza kani, ambayo bei yake ni ndogo ikilinganishwa na ya dari iliyoporomoka.

Tope nalo huja na mvua. Maji ya mlimani ni laini, hayana chumvi nyingi kama ya visima, kwa hivyo magamba meupe ambayo huzisumbua hita za kwingineko si tatizo kubwa hapa. Lakini Aprili na Novemba mito hubeba udongo mwekundu, na udongo huo hutua chini ya tangi na kuizunguka elementi. Elementi iliyofunikwa na tope haiwezi kutoa joto lake kwa maji, hujichoma yenyewe.

Hita ya umeme yenye tangi ndiyo inayohitaji kufikiriwa mapema. Kuchemsha lita 100 kutoka nyuzi 15 hadi 60 hutumia zaidi ya uniti 5 za stima, na tangi lililoachwa likiwaka katika nyumba tupu huendelea kupoteza joto na kulirudisha usiku na mchana. Basi jambo la kwanza ni kuzima kwenye swichi kuu. Je, maji yaachwe ndani au yatolewe? Kwa safari ya mwezi mmoja yaachwe. Kwa miezi mitatu au zaidi ni heri yatolewe yote, na mfereji wa chini uachwe wazi ili tangi likauke. Lililo baya kuliko yote ni tangi nusu, kwani ndani ya matangi ya chuma huwa mna fimbo ya magnesi, ambayo mafundi huiita anodi. Fimbo hiyo huliwa na kutu badala ya tangi, lakini hulinda tu pale ilipozama majini. Juu ya usawa wa maji, hewa na unyevu hufanya kazi yake bila kizuizi. Anodi ikaguliwe kila mwaka au kila baada ya miaka miwili. Ikibaki waya mtupu, ibadilishwe. Hapa Kenya kuna matangi yaliyotimiza umri wa kufa bila mwenyewe kujua kwamba yalikuwa na fimbo hiyo.

Anayetoa maji azime umeme kwanza, asubiri yapoe, afunge maji yanayoingia, kisha afungue mfereji wa maji moto ndani ya nyumba ili hewa iingie. Asipoiachia hewa njia, maji hayatatoka vizuri na tangi jembamba laweza kubonyea.

Vali ya usalama pia isisahauliwe. Lita 100 zikipashwa kutoka nyuzi 15 hadi 60 huongezeka kwa lita moja na nusu na ushei, na ziada hiyo lazima ipate pa kwenda. Vali inayotoa matone wakati wa kuchemsha inafanya kazi yake. Mtu asiizibe. Mara mbili kwa mwaka kishikio chake kiinuliwe kidogo ili kuhakikisha hakijakwama.

Hita ya papo hapo, ile ndogo ya bafuni ambayo wengi huiita instanti, haina tangi, na kwa hiyo wenye nyumba hudhani haina la kutunzwa. Hiyo ndiyo inayopaswa kuogopwa. Katika aina nyingi elementi hugusa maji yanayomwangukia mtu mwilini, na kinachomlinda ni waya wa kupeleka umeme ardhini pekee. Panya waliohamia darini nyumba ilipofungwa hutafuna nyaya. Kiungo kilicholegea hushika kutu. Hita ya wati 5,400 kwenye umeme wa volti 240 huvuta zaidi ya ampea 22, na kiungo kibovu huyeyuka chini ya mzigo huo. Yafaa iwe na laini yake yenyewe, waya wa milimita 4 za mraba au zaidi, na kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile cha miliampea 30. Wako mafundi ambao, nyumba ikikosa waya wa ardhini, huunganisha hita kwenye waya wa nyutro. Waya huo ukikatika kwenye nguzo, bafu zima hupata umeme. Fundi wa namna hiyo asiitwe tena.

Hita ya jua ina shida ya kinyume: haizimiki. Nchini Kenya ilipata msukumo mwaka 2012, wakati kanuni za serikali zilipotaka majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yatumie jua, nalo lichangie angalau asilimia 60 ya mahitaji ya mwaka. Hesabu hiyo ni ya mwaka mzima. Katika milima hii asilimia inayopungua karibu yote huangukia Julai na Agosti.

Aina iliyoenea zaidi ni ya mirija ya kioo yenye ombwe, iliyochomekwa kwenye tangi lisilohimili kani. Tangi hilo hupumua kupitia bomba dogo la juu. Nyigu hupenda kujenga humo, na ndege huziba mdomo wake kwa nyasi. Bomba likizibwa, mvuke hukosa njia na tangi huvimba. Maji yakitoka kwa kasi, hujikunja kama mkebe. Ukaguzi wake hautaki fundi, wataka ngazi imara na mtu asiyeogopa paa. Wavu laini wa waya kwenye mdomo wa bomba hutosha kuwazuia wadudu.

Januari na Februari, jua likiwaka na nyumba ikiwa tupu, maji huchemka siku nzima bila mtumiaji na kupungua kwa mvuke. Mirija ifunikwe kwa turubai. Maji ya mirija hayatoki kwa kufungua mfereji, kwa hiyo njia ya maji yanayojaza hita hii iachwe wazi hata kama ile inayoingia nyumbani imefungwa, na mwangalizi wa boma aambiwe sababu. Mgao wa maji ukiliacha tangi tupu, kisha maji baridi yakarudi saa saba mchana juu ya mirija iliyochomwa na jua, kioo hupasuka. Tangi tupu hujazwa alfajiri au baada ya jua kutua.

Mrija ulioharibika hujulikana kwa rangi. Mwishoni mwake huwa mna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Ombwe likipotea, doa hilo huwa jeupe kama maziwa. Miti nayo ikumbukwe. Kiriaini iko kusini kidogo mwa ikweta, na Juni jua la adhuhuri huegemea kaskazini kwa zaidi ya nyuzi 23. Mgrevilea wa mpakani usiozuia kitu Desemba huweza kuifunika hita kwa kivuli Julai. Upogolewe kabla ya mwisho wa Mei.

Upo upande wa afya ambao hautajwi sana. Siku za ukungu, hita ya jua hutoa maji ya uvuguvugu, ya nyuzi 30 hadi 40. Hicho ndicho kiwango kinachopendwa na Legionela, bakteria iliyopewa jina baada ya mkurupuko wa homa ya mapafu miongoni mwa wanachama wa American Legion waliokutana Philadelphia mwaka 1976. Huingia mwilini kwa kuvutwa pamoja na matone madogo ya manyunyu, na wazee ndio walio hatarini zaidi. Hufa maji yanapofika nyuzi 60. Hita ya jua yenye elementi ya akiba yafaa ipashwe hadi hapo mara kwa mara katika msimu wa baridi, hata kama familia imeridhika na uvuguvugu. Maji hayo huchoma ngozi kwa sekunde chache, kwa hivyo mtoto asifungue mfereji huo peke yake.

Wasiotaka bili ya stima wana kuni busta, tangi lenye tanuru chini yake, ambalo limekuwa msaada mkubwa katika nyumba na shule za sehemu za kati mwa Kenya. Halisumbuliwi na ukungu. Linachodai ni majivu yaondolewe kabla ya kufunga nyumba, kwani majivu yakinyonya unyevu hula chuma, na bomba la moshi lifunikwe. Wakati wa kurudi, moto usiwashwe kabla maji hayajatiririka kwenye mfereji wa maji moto. Tangi kavu huungua, na lililozibwa njia ya mvuke laweza kulipuka.

Siku ya kufungua nyumba ina utaratibu wake, na mara nyingi huvurugwa kwa sababu wageni wamefika wamechoka na kila mtu anataka kuoga. Maji yarudishwe kwanza, umeme mwisho. Mfereji wa maji moto ufunguliwe hadi hewa iishe na maji yatoke safi. Elementi ikiwashwa katika tangi tupu huungua kwa muda mfupi. Kichwa cha manyunyu kifunguliwe na kusafishwa, maji yatiririke kwa dakika kadhaa dirisha likiwa wazi na watu wakiwa nje ya bafu. Harufu ya mayai viza hutokana na bakteria waliostawi tangini na huondoka tangi likipashwa sana na kumwagwa. Hita yenye tangi iliyokaa wiki mbili au zaidi bila kutumiwa huweza pia kukusanya hidrojeni, gesi isiyo na harufu na inayowaka upesi, kwa hivyo mfereji wa maji moto unapofunguliwa mara ya kwanza mshumaa, jiko na sigara viwe mbali. Mfereji ukiacha kutoa sauti ya hewa, nyaya za darini zikaguliwe, kisha ndipo swichi ibonyezwe.