Tohara ya Wayahudi na Jando Letu

Sisi wa Masasi na Newala twalijua jando: kijana huingia mtoto, hutoka mtu mzima. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu 1926 hata 1944, hakulivunja, bali alilitia sala za Kikristo.

Mwana wa Kiyahudi hutahiriwa siku ya nane, hali hajui neno. Kwani ahadi ya Mungu kwa Ibrahimu imemtangulia. Mwaka 1919, karibu na Mbale, Uganda, mkuu Semei Kakungulu alitahiriwa pamoja na wanawe. Husimuliwa kwamba aliambiwa, hiyo ni desturi ya Wayahudi. Akajibu, basi nasi tu Wayahudi. Idi Amin, aliyetawala 1971 hata 1979, aliikataza dini yao. Wakaishika Torati kwa siri, na hata leo wapo.

Ndugu, mwana asiyefundishwa maana hutoka jandoni na kovu tu.